Mjomba, Hujaizima: Umeilaza Tu

Mwezi huu watu wanne wameniambia maneno yale yale: "Fundi, nishaizima nikaiwasha mara kumi, bado." Wa nne alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama. Yeye siwezi kumkata kauli, kwa hiyo nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamaliza na kahawa yake. Sasa nimekaa Langoni, hapa Lamu, naandika haya. Nayaandika kwa wote wanne, na kwa wa tano atakayekuja kesho na CPU yake juu ya mkokoteni.

Kuizima kompyuta ya Windows halafu kuiwasha si sawa na kubofya "Restart". Haijawa sawa tangu Windows 8 ilipotoka, Oktoba 2012. Watu hudhani kuzima ndiyo dawa kali na "Restart" ni dawa nyepesi, kwa sababu kuzima kunaonekana kwa macho: taa imekufa, feni imenyamaza, mashine imepoa usiku kucha. Ukweli ni kinyume chake. Inayosafisha ni "Restart". Kuzima kwa kawaida, kama mipangilio haijaguswa, kunaacha nusu ya mambo kama yalivyokuwa.

Mashine ya mjomba ni ya mezani, ilizaliwa na Windows 7, ikapandishwa Windows 10. Ina RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, ya gigabaiti 8, na hadi leo ina diski ya zamani, ile ya sahani zinazozunguka. Anaandikia orodha za watoto wa madrasa na barua za majirani. Kwa miezi kadhaa, kila akiizima, skrini inakuwa nyeusi lakini taa ya mbele inabaki na feni inaendelea kuvuma. Anasubiri, anachoka, anakibonyeza kitufe mpaka ikate. Kijana mmoja alimwambia ni virusi. Mwingine akataka kuifomati, na mjomba akanipigia simu: "Ndoo uitizame wewe, mwanangu, kabla hawajanifutia kazi yangu."

Sikugusa antivirusi. Nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ikafunguka Task Manager, nikaingia ukurasa wa utendaji, nikatazama chini ya kichakataji pale panapoandikwa muda ambao mfumo umekuwa macho. Siku 23. Nikamgeuzia skrini.

"Mjomba, hapa inasema haijazimwa siku ishirini na tatu."

"Nimeizima jana baada ya Isha, kwa mkono wangu huu."

Alikasirika, na alikuwa na haki. Yeye amesema kweli, na mashine nayo imesema kweli.

Ukibofya "Shut down", Windows hufunga programu zako na kukutoa kwenye akaunti, kama ilivyofanya miaka yote. Lakini kerneli, yaani kiini cha Windows, na madereva, zile programu zinazoendesha vifaa, haivifungi. Inaipiga picha hali yao ilivyo kwenye kumbukumbu, inaiandika kwenye faili moja kubwa liitwalo hiberfil.sys ndani ya diski C, ndipo inakata umeme. Asubuhi ukiwasha, haijengi upya: inalisoma faili lile na kuirudisha picha ya jana mahali pake. Ndiyo maana inawaka haraka, na jambo lenyewe linaitwa hivyo, uanzaji wa haraka (fast startup). Sasa, kama dereva la kadi ya mtandao lilichanganyikiwa Jumanne, Jumatano linarudi vile vile lilivyolala. Ukizima mara kumi, umelilaza mara kumi na kuliamsha mara kumi. Ni jahazi lililoshusha abiria na mizigo, lakini hakuna aliyeshuka ngamani, tumboni mwa chombo, kufua maji. "Restart" ndiyo inayofua maji: hufunga kila kitu, kerneli pamoja na madereva, kisha hupakia vyote upya kutoka mwanzo.

Zile siku 23 ziliniambia na jambo jingine, nalo ndilo lililonifurahisha. Kama mashine ingekwama kabla picha haijaandikwa, na mjomba akaikata kwa kitufe, asubuhi ingelazimika kuanza upya na hesabu ingerudi sifuri. Haikurudi. Maana yake kila usiku ilimaliza kuandika vizuri, ikashindwa hatua ya mwisho tu, ile ya kukata umeme. Kidole cha mjomba kilikuwa kinaimalizia kazi.

Kwa nini ishindwe hapo? Kwenye ACPI, kanuni ambazo Windows na bodi huelewana nazo kuhusu umeme, kuna amri mbili tofauti. S5 ni kuzima kabisa. S4 ni kulala juu ya diski, na uanzaji wa haraka unapita njia ya S4. Kwa macho hazitofautiani, zote mbili mashine inakufa. Lakini kwa bodi (motherboard) na kwa madereva hizo ni njia mbili, na kila moja ina milango yake. Bodi ya mjomba na BIOS yake, ile programu ndogo ya kuiwashia mashine, zilitengenezwa kabla uanzaji wa haraka haujakuwepo. Watengenezaji walijua watu watazima kwa S5 kila siku, na kwa S4 mara moja moja, aghalabu kwenye laptopu. Ghafla mfumo mpya ukaanza kuipitisha mashine kongwe kwenye mlango wa nyuma kila usiku. Nikiletewa mashine ya umri huo yenye ugonjwa huu, hapa ndipo ninapoanza.

Kupima ni rahisi na hakuharibu kitu. Shikilia Shift, kisha bofya "Shut down" huku hujaiachia. Hapo Windows inaacha habari ya picha na kuzima kabisa. Atakaye kuandika amri aandike shutdown /s /t 0, matokeo ni yale yale. Ya mjomba ilikata kwa sekunde chache, taa na feni pamoja. Nikaiwasha, nikazima bila Shift: ikakwama. Nilirudia mara tatu kila njia, kwa sababu mara moja si ushahidi. Mara tatu na Shift ikazima, mara tatu bila Shift ikakwama. Hakuna kirusi kinachojali kama umeshika Shift.

Baada ya hapo nilifungua dirisha la amri kama msimamizi, nikaandika powercfg /h off. Inaondoa uanzaji wa haraka pamoja na uwezo wote wa kulala juu ya diski, na faili la hiberfil.sys linafutika. Kwenye Windows 10 faili hilo kwa kawaida huwa kama asilimia 40 ya RAM, kwa hiyo mjomba alirudishiwa gigabaiti 3 na ushei. Mwenye laptopu asikimbilie amri hiyo, kwani kulala juu ya diski kunamfaa betri ikikaribia kwisha. Yeye aingie kwenye Control Panel, mipangilio ya umeme, mahali pa kuchagua kazi za vitufe, aondoe tiki kwenye "Turn on fast startup" peke yake.

Sikulipata dereva lenye kosa. Nalishuku lile la chipuseti, yaani chipu za bodi zinazounganisha vifaa, kwa sababu Windows 10 huweza kuleta toleo jipya lisilopatana na bodi kongwe, lakini sikulirudisha nyuma nione. Kufanya hivyo vizuri kunataka kubadilisha kitu kimoja, kuzima, kuwasha, kubadilisha kingine, siku mbili nzima, na mjomba alikuwa na orodha ya kuchapa. Nimeukwepa mwamba, sijaung'oa. Na ipo gharama: asubuhi mashine yake sasa inachelewa kuwaka, kwa sababu diski ya sahani ni nzito. Nimemshauri aweke SSD, diski isiyo na sahani, ambako tofauti ya uanzaji wa haraka haionekani sana hata hivyo.

Si kila mashine inayogoma kuzima ina ugonjwa huu. Ikikwama wakati skrini bado ina maandishi, mara nyingi ni programu au huduma inayokataa kufunga, printa iliyoshikilia kazi ya wiki iliyopita, au diski ya nje. Chomoa vyote, jaribu tena. Mteja mmoja mashine yake ilichukua dakika nyingi kuzima kwa sababu mtu alimwashia mpangilio wa kufuta faili la kumbukumbu kila inapozimwa, kwa ajili ya usalama. Basi.

Kuna ushauri mmoja ambao watu huuchukua bila kuuliza: kuingia kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, na kupunguza WaitToKillServiceTimeout mpaka 2000 ili "izime haraka". Kwenye Windows 10 thamani yake ya kawaida ni 5000, yaani sekunde 5 ambazo huduma inapewa imalize kazi kabla haijauawa. Sekunde 5 zenyewe ni chache kwa programu ya hesabu za duka iliyo juu ya diski kongwe. Ukizipunguza umeua huduma katikati ya kuandika, na hutojua leo. Utajua mwisho wa mwezi, hesabu zisipolingana. Tafadhali msifanye hivyo kwenye mashine za wazee wenu.

Na hili la namba 41 linanichosha. Mtu hufungua kumbukumbu za matukio za Windows (Event Viewer), akaona alama nyekundu, Kernel-Power 41, akaja mbio: "Fundi, kosa ni 41, pawa saplai imekufa." Namba 41 inasema kitu kimoja tu: mashine imewaka na kugundua kwamba safari iliyopita haikufungwa sawasawa. Huandikwa baada ya tukio, sio wakati wa tukio. Stima imekatika, 41. Umeshikilia kitufe, 41. Joto limepita kiasi, 41. Mtoto amechomoa waya, 41. Ukitaka habari, tazama kilichoandikwa dakika chache kabla yake, na utafute tukio namba 1074, linalotaja programu au mtu aliyeomba kuzima. Mara nyingine kabla yake hakuna kitu kabisa, na ukimya huo wenyewe unakwambia umeme ulikatika ghafla. Mimi nikiona hivyo hapa kwetu, la kwanza ninaloshika ni swichi ya ukutani na waya wa umeme. Pawa saplai hufuata baadaye.

Swichi ya ukutani ina habari yake. Tumezoea kuzima soketi usiku, kwa hofu ya stima kupanda na kushuka, na tabia hiyo siilaumu. Ninacholaumu ni haraka. Skrini huwa nyeusi kabla mashine haijamaliza. Taa ndogo ya diski bado inapepesa, faili bado linaandikwa, na mkono uko kwenye soketi. Ngoja mpaka feni inyamaze. Wapo wanaoniambia NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows, ina jonali, daftari lake la mabadiliko, kwa hiyo haiharibiki. Jonali hulinda mpangilio wa mafaili, majina na mahali pake. Barua uliyokuwa unaihifadhi wakati ule haiko chini ya ulinzi huo. Faili litakuwepo, jina lake sahihi, na ndani litakuwa pungufu.

Kushikilia kitufe sekunde 4 ni hivyo hivyo: ni agizo kwa bodi ikate bila kuuliza Windows. Na hapa Lamu kitufe chenyewe hugeuka mgonjwa. Chumvi ya bahari huingia kwenye swichi, bati za ndani zinaota kutu ya kijani, kitufe kinabonyezwa na hakirudi. Bodi inadhani kidole bado kipo, inahesabu sekunde 4, inakata. Mwenyewe analalamika kompyuta inazimika yenyewe, na nimeona watu wakinunua pawa saplai mpya kutoka Mombasa, ikaja kwa basi mpaka Mokowe, ikavuka kwa boti, na mashine ikaendelea kuzimika. Fungua kasha, chomoa ule waya mdogo wa kitufe kwenye bodi, gusanisha kidogo kwa bisibisi zile pini mbili za bodi ulipouchomoa ili iwake, kisha uiache ifanye kazi siku nzima waya ukiwa nje. Isipozimika, umempata. Swichi huoshwa kwa spiriti au hubadilishwa, na bei yake haifiki hata nauli ya ile pawa saplai.

Wiki mbili zimepita tangu niiguse mashine ya mjomba. Jioni kabla ya kuzima hubonyeza vitufe vyake vitatu na kutazama hesabu, nayo sasa huonyesha saa tu, haionyeshi siku. Ila jana usiku ilikwama tena, mara moja, printa ikiwa imewashwa. Nimemwomba kwa wiki moja azime printa kwanza kabla ya kompyuta, na kila usiku aandike daftarini kama ilikata au haikukata. Nitapita Jumatatu baada ya Alasiri kulisoma.