Nzi ndani ya nyumba: tunayoambiana na yaliyo kweli

Kuna mwaka nyumba niliyopanga ilijaa nzi kwa siku nne mfululizo. Hawakuwa wale wa kijivu tuliowazoea. Walikuwa wanene, wa kijani kinachong'aa, na karibu wote walikuwa dirishani wakijigonga kwenye kioo. Nilimaliza makopo mawili ya dawa ya kupuliza. Asubuhi nafagia waliokufa, jioni wapo wengine. Fundi alipopanda darini alishuka na panya aliyeoza, aliyekula sumu niliyoitega mwenyewe jikoni. Alipotolewa, nzi walipungua hadi wakaisha.

Tangu hapo mtu akinilalamikia nzi, swali langu ni moja: wanazaliwa wapi? Mengi tunayoambiana kuhusu nzi hayafiki kwenye swali hilo.

"Puliza dawa, wataisha"

Dawa inaua waliomo chumbani saa ile. Nzi jike hutaga mayai zaidi ya 100 kwa mkupuo, na hutaga mara kadhaa kabla hajafa. Kwenye joto la pwani yai huanguliwa ndani ya siku moja, na kutoka yai hadi nzi anayeruka huchukua siku 7 hadi 10 hivi. Ukipuliza Jumatatu na ndoo ya taka ukaiacha ilivyo, wiki ijayo unaanza upya. Tena nzi huzoea sumu. DDT, dawa ya kuua wadudu, ilisifiwa sana miaka ya 1940, lakini kufikia 1947 Sweden na Italia walikwisha kuona nzi ambao haiwaui.

Linaloniumiza zaidi ni watu kununua dawa ya shambani iliyopimwa kwenye chupa ya maji, haina hata maandishi, kisha wanaipuliza chumba anamolala mtoto. Tafadhali, usifanye hivyo kwa sababu ya nzi.

Badala ya kopo, chukua tochi. Angalia waya wa taa na kingo za dari: vidoa vyeusi vidogo kama vya ncha ya kalamu ni mavi na matapishi ya nzi, maana hapo ndipo wanapolala usiku. Kisha inua ndoo ya taka, vuta jiko, kunjua ukingo wa zulia. Ukikuta vitu kama punje za mchele, lakini vya rangi ya kahawia iliyoiva, umepata jibu. Mabuu wakishashiba huhama penye unyevu, hutafuta pakavu na kujifungia ndani ya ganda hilo mpaka watoke wakiwa nzi. Maganda yakiwemo ndani, basi wanazaliwa kwako au hatua chache kutoka hapo.

"Nzi ni wa nyumba chafu"

Dhana hii inawaonea watu wengi, hasa akina mama. Nzi anaweza kuruka kilomita kadhaa. Unaweza kudeki mara tatu kwa siku na bado wakaja kutoka banda la kuku la jirani, hasa pale chini ya vyombo vya maji ambapo maranda yamelowana na mbolea. Ukizungumza na jirani vizuri, mwambie hilo moja tu: maranda yaliyolowa yatolewe, yasisubiri kuku wauzwe. Mbolea kavu haiwafai mabuu.

Kwa upande wako, sehemu zinazosahaulika ni pampasi zilizotumika, maji meusi yaliyotuama chini ya mfuko ndani ya ndoo ya taka, na tambara la kudekia lililoachwa bichi kwenye beseni. Taka zikitoka mara mbili kwa wiki, na ndoo ikaoshwa na kuanikwa juani, mayai hayapati muda wa kufika popote.

"Wale wadogo ni watoto wa nzi"

Hapana. Nzi akishatoka na mabawa hakui tena. Utoto wake aliumalizia akiwa buu. Wale wadogo ni jamii nyingine kabisa. Wanaozunguka ndizi zilizoiva hupenda matunda yaliyochacha: toa tunda lililooza, kisha weka siki kidogo kwenye glasi pamoja na tone la sabuni ya vyombo, watazama humo. Wale wa bafuni wenye mabawa ya manyoya kama nondo huzaliwa kwenye utelezi ulioganda ndani ya bomba la maji machafu. Huo usugue kwa brashi, maana dawa ya juu juu haiufikii.

"Maembe ndiyo yanaleta nzi"

Maembe yanasingiziwa. Msimu wake huku kwetu hukutana na joto na mvua za vuli, na maganda na kokwa tunatupa uani yakachachuka pamoja na taka nyingine. Yafukie siku hiyo hiyo, kula embe kwa amani.

"Ning'iniza mfuko wa maji mlangoni"

Nimeuona kwenye mabucha na kwa mama lishe. Nimeona pia nzi wametua juu ya mfuko wenyewe. Feni inayopuliza mezani inasaidia zaidi, kwa kuwa nzi hamudu upepo, na wavu wa dirishani usiochanika unashinda vyote viwili.

"Akitua mara moja hana neno"

Nzi wa nyumbani hana meno. Akitua kwenye wali hutema mate na aliyoyabeba tumboni ili alainishe chakula, ndipo afyonze. Kama kituo chake cha nyuma kilikuwa chooni, amekuletea vijidudu vya kuhara vya huko. Mwaka 1668 mwanasayansi Francesco Redi wa Italia aliweka nyama kwenye mitungi, mingine wazi, mingine imefunikwa. Iliyofunikwa haikuota funza. Bibi zetu wa pwani walimaliza jambo hilo kwa kawa, kile kifuniko cha chakula cha ukili. Kawa lirudi mezani.

"Choo cha shimo hakikosi nzi"

Kinaweza kuwa nao wachache mno. Zimbabwe miaka ya 1970 walijenga vyoo vyenye bomba la hewa lililofunikwa wavu juu. Ndani ya choo huwa giza, kwa hiyo nzi aliyeko shimoni huufuata mwanga wa bombani, hukwama kwenye wavu na kufia humo. Katika majaribio ya siku 78 walihesabu nzi 13,953 waliotoka kwenye choo kisicho na bomba, na 146 kwenye chenye bomba. Kama lako lipo, panda utazame wavu. Ukitoboka, bomba linakuwa njia yao ya kutokea.

"Nimesafisha kila kitu na bado wapo"

Watakuwepo kwa muda. Nzi mzima huishi wiki mbili hadi nne, na waliokuwa tayari ndani ya maganda watatoka tu. Kipindi hicho tumia mtego: kata chupa ya plastiki, geuza shingo iingie ndani, weka utumbo wa samaki na maji chini. Uning'inize uani, mbali na mlango, kwa sababu harufu yake huwaita. Hesabu wiki mbili, halafu inua tena ile ndoo ya taka na tochi yako.