Chati Inadai Futi kwa Maili, Si Futi kwa Dakika

Msimu wa joto umeingia, na tunawakumbusha marubani wa ndege ndogo wanaoondoka kwa IFR (kanuni za kuruka kwa kutegemea vyombo) kwamba asilimia iliyoandikwa kwenye chati ya kuondoka ni kiasi ambacho njia ya ndege inapanda kwa umbali inaosafiri juu ya ardhi. Wengi bado wanaisoma kana kwamba ni kasi ya kupanda.

Kiwango cha kawaida cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ni asilimia 3.3, yaani futi 200 hivi kwa kila maili ya baharini. Katika asilimia hizo 3.3, 2.5 ni uso wa vizuizi, yaani mstari wa kufikirika unaopanda ambao kizuizi hakipaswi kuupita, na 0.8 ndiyo nafasi ya usalama. Kilima kikipenya uso huo, chati hupandisha kiwango na kutaja kimo ambacho kiwango hicho kishikiliwe hadi kifikiwe.

Zidisha asilimia kwa 60.76 upate futi kwa maili. Zidisha tena kwa kasi ya ardhini (kasi ya ndege ikilinganishwa na ardhi, kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa), kisha ugawanye kwa 60 upate futi kwa dakika. Kasi ya ardhini, tunarudia, si ile inayosomeka kwenye kipima kasi.

Chukua uwanja ulio juu kama Wilson, Nairobi, takriban futi 5,500, joto nyuzi 25. Tuseme chati inadai asilimia 5 hadi futi 9,000: hizo ni futi 304 kwa maili. Kipima kasi kinaonyesha noti 100, lakini kwa hewa nyepesi ya huko kasi halisi ni karibu 113. Ongeza upepo wa nyuma wa noti 10, ni 123. Unahitaji futi 623 kwa dakika. Aliyetumia 100 ataridhika na 507, na njia yake itakuwa asilimia 4.1 tu, chini ya uso wa vizuizi wa 4.2 (5 kutoa 0.8). Nafasi yote ya usalama imekwisha, naye ndani ya wingu haoni chochote. Karibu na futi 9,000 hitaji linafika 650 hivi, wakati injini inazidi kuishiwa nguvu. Kwa hiyo jedwali la kitabu cha ndege lisomwe kwa kimo cha juu na joto la saa ya kuondoka, si la asubuhi.

Wala kiwango hicho hakijahesabu injini kuzimika. Kimepangwa injini zote zikifanya kazi. Tumelieleza hili mara nyingi mno.

Hesabu isipotimia, punguza mzigo au mafuta ya ziada, au subiri jioni ipoe. Vinginevyo mwarifu mwongozaji ndege kabla ya kupokea kibali, uombe njia nyingine. Kibali hakithibitishi kwamba ndege inaweza. Wajibu huo ni wa rubani mkuu, na anayekipokea huku akijua haifiki anahatarisha leseni yake kusimamishwa au kufutwa. Hifadhi karatasi ya hesabu pamoja na ile ya uzito, huenda mkaguzi akaiomba. Mwongozaji anajua aina ya ndege tu. Hajui kilo ulizopakia mpaka umwambie, na ukishaingia mawinguni hana pa kukuhamishia haraka.