Tatuu sita bila jina: wafu wa Kingsbury Run

Tarehe 5 Juni 1936, mjini Cleveland katika jimbo la Ohio, Marekani, wavulana wawili walikuwa wakikatiza korongo la Kingsbury Run kwenda kuvua samaki. Chini ya mti wakaona suruali imeviringishwa kama furushi. Wakaichokoa kwa ufito wa kuvulia. Ndani yake mlikuwa na kichwa cha mwanamume.

Kiwiliwili kilipatikana kesho yake, karibu na ofisi ya askari wa reli. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye tatuu sita mwilini. Moja ilibeba majina Helen na Paul. Nyingine ilikuwa herufi tupu, W.C.G. Kulikuwa na kipepeo, nanga, na Jiggs, mhusika wa katuni za magazetini aliyependwa sana enzi hizo. Nguo yake ya ndani ilikuwa na alama ya dobi: J.D. Kwa sisi tunaofanya kazi ya kutambua mabaki ya binadamu, hiyo ni neema. Kuna siku tunaletewa mifupa mitatu ndani ya kiroba na tunaulizwa ni nani huyu. Yule kijana alikuwa na uso, vidole, tatuu na nguo zenye herufi. Polisi waliamini jina litapatikana upesi.

Walisambaza alama za vidole. Walimlaza mochwari, watu wakapanga foleni kumtazama. Walipita kwa wachora tatuu na kwa madobi. Mwisho wakafinyanga sura yake kwa plasta na kuiweka kwenye maonyesho makubwa ya Great Lakes Exposition, pamoja na mchoro unaoonyesha tatuu zilivyokaa mwilini. Zaidi ya watu 100,000 waliiona sura ile, wengine bila shaka wakiwa na watoto mkononi na karanga mfukoni, kama watu wanavyokwenda sabasaba.

Hakutokea hata mmoja aliyesema: huyu ni wetu. Hadi leo anaitwa Mtu wa Tatuu.

Ninapofundisha askari wapelelezi au wanafunzi wa utabibu, huanza na huyu kijana, na kila mara mkono wa kwanza kunyooshwa huuliza swali lile lile: aliyemuua ni nani? Ni swali la haki. Lakini miaka karibu 90 ya kulikimbilia swali hilo imetuachia rundo la dhana na hakuna hukumu hata moja. Kwa maoni yangu, kesi ya Cleveland ilikwama kwa sababu waliouawa hawakuwa na majina. Mengine yote yalifuata hapo.

Hesabu rasmi ni watu 12, waliopatikana kati ya Septemba 1935 na Agosti 1938, karibu wote wamekatwa vichwa na wengi wakiwa vipande vipande. Wachunguzi wengi humwongeza mwanamke ambaye sehemu ya mwili wake ilisukumwa na mawimbi ufukweni mwa Ziwa Erie mwezi Septemba 1934. Kati ya hao 13, waliotambuliwa kwa uhakika ni wawili tu. Magazeti yalimbatiza muuaji Mchinjaji Kichaa wa Kingsbury Run. Yaani mtu ambaye hakuna aliyemjua akapata jina la kutisha lenye kuuza magazeti, na waliolala mochwari wakapewa namba.

Kingsbury Run lenyewe lilikuwa korongo kavu lililopita katikati ya jiji, njia za reli zikiwa zimelala ndani yake. Hiyo ilikuwa miaka ya mdororo mkuu wa uchumi. Watu waliopoteza kazi walidandia mabehewa ya mizigo kutoka mji hadi mji wakitafuta kibarua, na kando ya reli wakajenga vibanda vya mabati chakavu, mbao na makaratasi. Mtu angeweza kuingia Cleveland Jumatatu na kuondoka Alhamisi, na hakuna aliyejua kwamba alifika wala kwamba aliondoka. Mtu wa namna hiyo akitoweka, nani atakwenda kituoni kuripoti? Mkewe yuko jimbo jingine, anajua mume kaenda kutafuta riziki. Mama yake anasubiri barua. Barua isipofika mwaka mzima, anasema mwanangu kanisahau.

Hao wawili waliotambuliwa walitambuliwaje? Edward Andrassy, kijana aliyepatikana Septemba 1935 chini ya kilima cha Jackass Hill, alijulikana kwa alama za vidole. Florence Polillo, aliyepatikana Januari 1936, naye kwa alama za vidole. Alama za vidole hazisemi jina zenyewe. Zinahitaji faili lenye alama za zamani, na miaka ile mafaili hayo yalikuwa ya polisi. Waliopata majina ni wale waliokuwa wamewahi kukamatwa. Raia mwema asiye na doa akazikwa kama namba, na nadhani hata Andrassy mwenyewe hakuwahi kufikiri kwamba kukamatwa kwake kungemfaa siku moja.

Kisa cha Polillo kinafaa kutazamwa kwa karibu. Ilikuwa baridi kali ya Januari. Nyuma ya jengo la kiwanda, Mtaa wa 20 Mashariki, vilionekana vikapu vilivyofunikwa, na habari ikamfikia mwenye bucha wa jirani kwamba kuna nyama imetupwa pale. Alikwenda kuangalia akidhani ni mali ya wizi. Vipande vilikuwa vimefungwa kwa magazeti na kuganda kwa baridi. Kichwa hakikupatikana, na hakijapatikana mpaka sasa. Lakini mkono mmoja ulikuwemo, na mkono huo ulitosha.

Jina lilipopatikana, milango ikafunguka siku ile ile. Alikuwa akiishi wapi, akinywa baa gani, amegombana na nani, nguo zake ziko chumbani mwa nani. Hivyo ndivyo upelelezi unavyotembea: kutoka kwa marehemu kwenda kwa waliomzunguka, na kutoka kwao kwenda kwa aliyekuwa naye mara ya mwisho. Wale wengine kumi na mmoja hawakuwa na mlango wa kubisha. Mpelelezi Peter Merylo, aliyepewa kesi hii kuwa kazi yake ya kila siku, alihoji watu zaidi ya elfu moja, na ukisoma habari zake unaona alikuwa akizunguka korongo lile kama mtu anayetafuta sindano gizani.

Jina peke yake nalo si haki. Mwaka 1939 ofisi ya sherifu ilimkamata Frank Dolezal, fundi wa kujenga kwa matofali, kwa sababu aliwahi kuishi na Polillo. Alikiri, kisha akakana. Agosti mwaka huo huo alikutwa amekufa mahabusu, ikasemwa kajinyonga. Uchunguzi wa maiti ulikuta mbavu zake zimevunjika. Leo ni vigumu kumpata mtafiti anayeamini kwamba alikuwa muuaji. Yupo pia daktari mmoja aliyehojiwa kwa siri hotelini kwa siku kadhaa na hakushtakiwa kamwe. Wanaopenda mafumbo wanamtaja kila siku. Mimi sitamtaja, maana kwenye meza ya maabara sina kitu kinachomgusa.

Eliot Ness huwa lazima atajwe. Ndiye yule aliyejipatia sifa kwa kumwandama Al Capone, mkuu wa genge la wahalifu mjini Chicago, na tangu Desemba 1935 alikuwa Mkurugenzi wa Usalama wa jiji la Cleveland. Tarehe 16 Agosti 1938 maiti wawili wa mwisho walipatikana kwenye jaa la taka kando ya ziwa. Usiku wa kuamkia tarehe 18, Ness aliongoza msako kwenye vibanda, akakamata wanaume zaidi ya 60, na vibanda vikachomwa moto. Gazeti na wananchi walimshambulia, na walikuwa na sababu: maskini walipoteza kila kitu na muuaji hakupatikana. Lakini kuna jambo moja katika msako ule ambalo wengi hulipita haraka. Waliokamatwa walichukuliwa alama za vidole, na hoja mojawapo ilikuwa kwamba mmoja wao akija kuuawa, atajulikana. Ness alikuwa ameuona ugonjwa. Dawa aliyoichagua ndiyo iliyokuwa ya ukatili.

Njia nyingine ya zama zile ilikuwa meno. Juni 1937 chini ya daraja la Lorain-Carnegie yalipatikana mabaki ya mwanamke mweusi, mifupa mitupu. Kazi ya meno yake ilifanana na ya Rose Wallace, aliyekuwa ametoweka. Daktari wake wa meno alikuwa ameshafariki, hivyo hakukuwa na mtu wa kuthibitisha kwa kiapo. Mpaka leo jina lake huandikwa na neno "labda" mbele yake.

Kufukua upya

Mwaka 2024 ofisi ya uchunguzi wa vifo ya kaunti ya Cuyahoga, yaani kaunti ya Cleveland, ilishirikiana na shirika la kujitolea la DNA Doe Project kuanza kufukua baadhi ya wafu hawa, ili vinasaba vyao, yaani DNA, vipimwe. Watu wengi wameniuliza: kama DNA ipo tangu miaka ya themanini, kwa nini wamechelewa?

Kipimo cha kawaida cha polisi hutazama sehemu chache za vinasaba, kama ishirini hivi. Kinafaa sana ukiwa na mtu wa kulinganisha naye: mama, baba, mtoto, ndugu wa tumbo moja. Ukimpima maiti wa mwaka 1936 ambaye wazazi wake nao wamekufa na hujui hata walikuwa nani, unapata namba nzuri zisizo na pa kwenda. Njia mpya husoma sehemu laki kadhaa. Kwa wingi huo unaweza kuuona undugu wa mbali, hata wa watu wanaokutana kwa babu wa babu. Matokeo hupelekwa kwenye hifadhi ambazo watu wa kawaida wamepeleka vinasaba vyao kwa hiari wakitafuta asili zao, kama GEDmatch na FamilyTreeDNA. Hapo kazi ya maabara inakwisha na kazi ya ukoo inaanza: vyeti vya ndoa, sensa, orodha za abiria wa meli, matangazo ya misiba. Unajenga matawi kutoka kwa binamu hawa wa mbali mpaka yakutane kwa familia moja, halafu unauliza katika familia hiyo ni nani ambaye habari zake zinakatika ghafla.

Hivyo ndivyo mtoto aliyekutwa amekufa ndani ya boksi mjini Philadelphia mwaka 1957 alivyorudishiwa jina lake, Joseph Augustus Zarelli, mwezi Desemba 2022. Ilichukua miaka 65.

Cleveland ni kugumu zaidi. Sehemu zinazotunza vinasaba vizuri ni meno na ule mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani, na kadhaa kati ya hawa walizikwa bila vichwa. Unabaki na mfupa wa paja uliokaa udongoni zaidi ya miaka 80, na unapoupima, sehemu kubwa ya unachokisoma ni vinasaba vya bakteria wa udongo. Mwanamke wa 1934, na mwanamume asiye na jina aliyepatikana pamoja na Andrassy, ngozi zao zilionekana kama zimepakwa kemikali. Kemikali za aina ya fomalini huvikamatanisha vinasaba na kuvivunja. Makaburi ya wasio na ndugu nayo yalichimbwa kwa kubanana, kwa hiyo hata kumpata mtu sahihi shimoni ni kazi yenyewe.

Halafu kuna suala la nani yumo kwenye hifadhi zile. Wengi ni Wamarekani wenye asili ya Ulaya Magharibi. Cleveland ya miaka ile ilijaa Wapolandi, Waslovaki, Wahungaria, na watu weusi waliotoka majimbo ya kusini. Kama Mtu wa Tatuu ni mtoto wa wahamiaji waliofika na meli mwaka 1905, huenda ndugu zake wa karibu leo wako kijijini Slovakia na hawajawahi hata kusikia habari za kutema mate kwenye kichupa ili vinasaba vipimwe.

Ukipotelewa na ndugu

Usisubiri. Hakuna sheria ya maumbile inayosema mtu mzima hawezi kuripotiwa mpaka mwezi upite. Ripoti ile ndiyo itakayotuwezesha sisi, siku mwili ukiletwa bila kitambulisho, kujua mahali pa kuanzia. Bila hiyo mwili utakaa kwenye jokofu kwa muda uliowekwa kisha utazikwa na manispaa. Toa picha ambayo mtu anacheka meno yakionekana, maana pengo au jino lililopandana linasaidia kuliko suti ya harusi. Taja makovu, mifupa aliyowahi kuvunjika, hospitali alizopigwa eksirei. Kama kuna mswaki wake, uweke kwenye bahasha ya karatasi. Nailoni hutunza unyevu, na unyevu huozesha.

Dada mmoja alituletea kitana cha kaka yake, amekifunga kwa leso safi. Tulipokipima tukakuta vinasaba vya watu wanne, nyumba nzima ilikuwa ikichania hapo. Tukamwomba amlete mama. Mama alikuja na viatu vya mwanawe kwenye mfuko, vimepigwa rangi vinang'aa, akaviweka mezani na kukaa navyo. Nikamweleza kwamba viatu atarudi navyo, tunachohitaji kimo kinywani mwake, kijiti cha pamba tu shavuni kwa ndani, dakika moja. Akauliza kama ilikuwa vibaya kuwa amekunywa chai. Nikamwambia asukutue maji, tusubiri kidogo. Akasukutua, akatufungulia kinywa, mkono mmoja bado uko juu ya viatu.