Kuficha taa ndani ya nyumba ya Kiamu

Nyumba za mawe za Mji wa Kale wa Lamu zinasumbua sana kuzipiga mwanga kwenye kompyuta, na kazi yangu ndiyo hiyo: mwenye nyumba anayekarabati hunipa ramani, nami humwonyesha chumba kitakavyokuwa kabla fundi hajagusa chokaa. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, kwa kuwa upana wake umefuata urefu wa boriti za mikoko. Madirisha ya upande wa njiani ni haba. Mwanga hushukia kiwandani, ule ua usioezekwa ulio ndani ya nyumba, ukapita msana wa tini, ukapita msana wa yuu, yaani kumbi mbili zinazofuatana, na ukifika vyumba vya nyuma umebaki kidogo mno. Ukirenda, yaani ukiiagiza kompyuta itengeneze picha, kwa jua na anga pekee, huko nyuma unapata giza lililojaa chenga, vidoadoa vya mwanga ambao haujahesabiwa vya kutosha. Basi tunaongeza taa, na taa hiyo haitakiwi kuonekana.

Njia ya mkato inajulikana. V-Ray na Cycles ni programu za kurenda. Taa ya V-Ray ina kisanduku cha kuweka tiki ili isionekane. Kwenye Cycles, iliyo ndani ya programu ya Blender ya kuchora kwa 3D, kila kitu kina orodha ya miale inayoruhusiwa kukiona: ya kamera, ya mng'ao, ya kupenya kioo, ya kivuli na mingine. Unazima ya kamera, taa inatoweka, mwanga unabaki. Hilo linawezekana kwa sababu programu hizi huufuata mwanga kinyumenyume. Mwale huanzia kwenye kamera, ukagonga ukuta, ukadunda, ukaendelea hivyo mpaka ukutane na taa. Unapotoka kwenye kamera ni mwale wa kamera. Ukishadunda kwenye shaba ni mwale wa mng'ao, na huo hukuukataza.

Hapo ndipo bakuli la kaure linapokuumbua. Wenye nyumba wa hapa wanapenda kuona kaure kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na ubavu wa bakuli uliopinda huakisi karibu chumba kizima. Vuta picha karibu: juu ya rangi ya samawati kuna kipande cheupe cha mraba, chenye kingo kali, na chumbani hamna dirisha lenye umbo hilo. Wengi hukimbilia kuzima na mng'ao. Mimi sipendi, kwa sababu kaure isiyoakisi mwanga wowote hufanana na plastiki iliyofifia. Kioo nacho kina lake: mwale ukipita kwenye kioo kinachopinda mwanga unahesabiwa kuwa wa kupenya, kwa hiyo taa uliyoificha itachungulia kupitia chimni ya kandili.

Ninavyoamini mimi, taa ifichwe na jengo kwanza, kisanduku kije baadaye. Naiweka taa bapa kwenye uwazi wa kati ya kiwanda na msana, ikitazama ndani, upana na urefu sawa na uwazi wenyewe. Bakuli likiiakisi, linaakisi umbo ambalo kweli lipo pale. Kamera ikigeuzwa kutazama kiwandani, hapo ndipo nazima mwale wake. Ukitumia ubapa uliopakwa mwanga badala ya taa yenyewe, zima na kivuli chake, la sivyo utaziba jua linaloingia. Na kabla ya yote jaribu kuifanya taa hiyo kuwa lango: haitoi mwanga wowote, inaionyesha tu programu mahali anga inapoingilia, na chenga zinapungua sana.

Zidaka ndizo shahidi mkali zaidi. Kila kidaka kina ukingo, na mwanga wa kiwandani hutoka juu, kwa hiyo ukingo wa juu ndio unaotia kivuli ndani. Taa iliyofichwa sakafuni nyuma ya kitanda huvigeuza vivuli vyote kichwa chini. Mtazamaji hataijua sababu, ila ataona ukuta hauko sawa. Vilevile taa iliyo karibu mno na chokaa huacha doa jeupe. Isogeze mbali mara mbili, uipe nguvu mara nne, na iwe kubwa zaidi ili vivuli vilainike.

Tangu Blender 4.0 ya mwaka 2023, taa inaweza kuagizwa imulike kitu kimoja tu. Naitumia kwa nadra: bakuli linalong'aa huku kidaka chake kiko gizani huonekana limebandikwa.

Picha za usiku nazifanya tofauti kabisa. Mteja anapotaka ukanda wa LED juu ya boriti, sigusi kisanduku chochote. Nachora ubao halisi wa kuuziba, kwa kimo chake, kisha naishusha kamera mpaka usawa wa macho ya mtu aliyeketi. Ukanda ukionekana kutoka hapo, utaonekana na nyumbani pia, na fundi wa umeme anahitaji kulijua hilo kabla hajapitisha waya.