Masafa si muda

Juzi nimelisikia tena kosa la kuchanganya masafa na muda, Mwanjelwa, Mbeya, kwenye kiduka cha kukatia tiketi. Mama mmoja aliuliza, "Mwanangu, masafa mpaka Dar kwa ndege ni kiasi gani?" Kijana akajibu macho yakiwa kwenye simu, "Masafa ni saa moja na nusu, mama." Mama akafikiri kidogo, kisha akauliza, "Ya asubuhi au ya jioni?"

Masafa ni umbali wa kutoka mahali hadi mahali, nao hupimwa kwa kilomita. Muda wa safari ni wakati unaotumika kuumaliza umbali huo. Kwenye safari, maana yenyewe inaishia hapo.

Wengi hudhani masafa na safari ni neno moja lililogawanyika, kwa kuwa yote yametoka Kiarabu. Sivyo. Safari imetokana na *safar*, masafa yametokana na *masāfa*, na mizizi yake ni tofauti kabisa. Wataalamu wa zamani wa kamusi za Kiarabu walilirudisha *masāfa* kwenye maana ya kunusa: kiongozi wa msafara akipotea nyikani alichota udongo, akaunusa, akajua kama bado yuko njiani. Nalipenda sana neno hili kwa sababu hiyo. Tangu asili yake limeshikamana na ardhi. Safari huchelewa, huahirishwa, huvunjika. Masafa yapo palepale.

Najua kinachotuchanganya. Wazee wetu walisema "mwendo wa siku mbili", na walisema sawa, maana mwendo hubeba umbali na wakati kwa pamoja. Masafa hayabebi wakati.

Hata kilomita zenyewe sharti useme ni za njia ipi. Kwa barabara, kupitia Morogoro, mlima Kitonga, Mafinga na Makambako, Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Reli ya TAZARA, inayozunguka Kilombero, ina kama 850. Hewani, mstari ulionyooka kutoka Dar hadi uwanja wa ndege wa Songwe, uliochukua nafasi ya ule wa zamani wa Mbeya mjini mwaka 2012, ni kama 690. Ndege haipandi Kitonga. Kwa hiyo anayechukua kilomita za basi akazigawa kwa kasi ya ndege amekosea kabla hajaanza kugawa.

Na masafa hayohayo yana muda zaidi ya mmoja. Ndege ya jeti ikishatulia juu hukimbia zaidi ya kilomita 800 kwa saa, ile ya pangaboi, yenye mapanga yanayozunguka nje, hukaribia 650. Upepo ukiisukuma kwa nyuma inawahi, ukiikabili inachelewa. Tena muda wa ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kwenye maegesho mengine: kutambaa uwanjani, kupaa na kushuka vyote vimo. Ndiyo maana safari ambayo kwenye karatasi ni dakika 50 za jeti huandikwa kuwa zaidi ya saa nzima.

Basi, kijana wangu wa Mwanjelwa, mama akirudi kuuliza masafa, mwambie ni kama kilomita 690. Akitaka kujua safari itachukua kiasi gani kwa ratiba, mwambie "muda wa saa moja na nusu". Usiliache hilo "muda wa", ili mama asidhani umemtajia saa ya kuondoka.