Je, Wajua Kwa Nini Maji Hulipua Moto wa Mafuta?

Mafuta yakishika moto kwenye sufuria, mkono hukimbilia maji. Tafadhali usifanye hivyo. Kikombe kimoja tu kinaweza kuutoa moto ndani ya sufuria na kuufikisha darini kabla hujapata nafasi ya kurudi nyuma.

Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo ukiyamwagia hayaelei, huzama. Huko chini yanakutana na joto kali mno: maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi, ilhali mafuta yaliyofika hatua ya kuwaka yenyewe yameshapita nyuzi 300. Papo hapo maji yanageuka mvuke, na mvuke unahitaji nafasi karibu mara 1,700 ya ile ya maji uliotokana nayo. Kikombe cha robo lita hutoa zaidi ya lita 400 za mvuke! Huo mvuke umefunikwa na mafuta, hivyo hutoka kwa kishindo na kuyarusha mafuta juu yakiwa vitone vidogo vidogo. Yakiwa ndani ya sufuria yalikuwa yakiwaka usoni tu, mahali yanapogusana na hewa. Sasa kila kitone kimezungukwa na hewa pande zote, na vyote vinawaka kwa mpigo.

Uzuri ni kwamba mafuta hutoa ishara mapema. Uso wake huanza kucheza na kumeremeta, kisha hupanda moshi mwembamba na harufu ya kuungua inayowasha koo. Ukiona moshi, zima jiko hapo hapo, wala usisubiri chakula kiive.

Moto ukishawaka, zima jiko ikiwa unafikia swichi bila kupitisha mkono juu ya ndimi za moto. Chukua mfuniko wa chuma, au sinia la bati pana kuliko sufuria. Ushike mbele yako kama ngao, uuegemeze kwenye ukingo wa sufuria ulio upande wako, kisha uusukume mbele mpaka ufunike mdomo wote. Ukiudondosha kutoka juu, mikono yako inapita katikati ya moto. Mfuniko wa kioo unaweza kupasuka.

Baada ya hapo, usiufunue. Hapa ndipo wengi hukosea. Moto umezimika kwa kukosa hewa, lakini mafuta bado yana joto la kuwaka. Ukichungulia baada ya dakika 2, hewa inaingia na moto unaruka usoni. Subiri angalau nusu saa, mpaka sufuria ipoe kabisa. Usiibebe kuipeleka nje, kwani mafuta humwagika miguuni na moto hufuata. Unga nao usiurushe: vumbi lake lenyewe hushika moto. Na kama moto umeshapanda kwenye kabati au pazia, toa watu wote, funga mlango nyuma yako, uwaite zimamoto ukiwa nje.

Kinga yake ni rahisi. Mafuta yasizidi theluthi moja ya kina cha sufuria, na chakula kikaushwe kwa kitambaa kabla ya kutumbukizwa. Ile milio ya kurukaruka unayoisikia ukiweka kitu kibichi ni mlipuko ule ule, mdogo tu. Chakula chenye barafu ni hatari zaidi.

Ukiungua, vua pete na saa kabla ngozi haijavimba, kisha weka sehemu iliyoungua chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dakika 2 hazitoshi, kwa kuwa joto hubaki ndani ya nyama likiendelea kuunguza. Barafu huumiza ngozi zaidi. Dawa ya meno na samli hulizuia joto lisitoke, na hospitalini italazimu zikwanguliwe kwanza ndipo kidonda kionekane.