Saratani ya tezi dume kwa paka: maana yake na dalili zake

Paka dume naye ana tezi dume. Ni ndogo mno, imekaa nyuma ya kibofu ikiukumbatia mrija wa mkojo, na kazi yake ni kutoa majimaji yanayosafirisha mbegu. Seli za tezi hiyo zikianza kuongezeka ovyo na kuvamia sehemu nyingine za mwili, hiyo ndiyo saratani ya tezi dume. Kwa paka ni ugonjwa wa nadra sana, na huwapata zaidi wazee. Kuhasi si kinga: paka waliohasiwa nao wamewahi kugundulika nayo.

Dalili zake zinatokana na mahali tezi ilipo. Mrija wa mkojo unapita humo, na utumbo wa mwisho unapita juu yake tu, kwa hiyo uvimbe ukikua hubana njia zote mbili. Paka huchuchumaa kila mara kwenye mchanga wake, akajikamua, yakatoka matone tu, pengine yenye damu. Mwingine hukojoa pasipo mahali pake. Huyo asichapwe, anaumwa. Kinyesi nacho hutoka kwa taabu, au chembamba kama utepe. Baadaye hukonda, hukataa chakula, na saratani ikifika kwenye mifupa huanza kuchechemea.

Ninalotamani kila mfugaji alijue ni hili: paka anayejikamua hudhaniwa amefunga choo, kumbe ni mkojo uliokwama. Mrija ukiziba kabisa, taka za mwili na potasiamu hujaa katika damu hadi moyo ukashindwa, na paka anaweza kufa ndani ya siku 2 au 3. Akichuchumaa mara kadhaa bila tone kutoka, apelekwe kwa daktari wa mifugo saa ileile, hata kama ni usiku.

Mara nyingi daktari atakuta jambo jingine: kuvimba kwa ukuta wa kibofu, vijiwe, au ute ulioganda ndani ya mrija. Kwa macho huwezi kuyatofautisha. Ultrasaundi huonyesha tezi iliyokua, lakini kinachothibitisha saratani ni seli zilizochukuliwa humo na kutazamwa kwa hadubini. Kipimo cha damu cha PSA, yaani protini ya tezi dume, wanachopimwa wanaume hakitumiki kwa paka.

Ukifika kwa daktari, mwambie kwanza paka alikojoa lini mara ya mwisho, na mkojo ulikuwa wa rangi gani.